Begi Limerudi, Mtu Hajarudi

Mama mkwe wangu alikuwa afanyiwe upasuaji wa koo siku ya Jumatatu, na daktari alituambia bila kuzungukazunguka kwamba sauti yake huenda isirudi. Kwa hiyo kazi yetu wiki ile ilikuwa moja tu, kumkutanisha na mwanawe kwenye simu kabla ya siku hiyo. Mwanawe ndiye mume wangu, koplo, ambaye alikuwa mwezi wa nane kwenye ulinzi wa amani mahali ambako simu zetu hizi za mkononi hazifiki. Njia ya kumpata ni laini ya jeshi iliyoko Ofisi ya Ustawi wa Familia. Inafunguliwa Jumatano na Jumamosi, kila familia dakika kumi, mara moja kwa wiki mbili. Jumatano ile ilikuwa zamu yetu.

Niseme mapema kwamba mimi na mama mkwe hatupikiki chungu kimoja. Mume wangu alipoondoka, mama alihamia kwetu kuja kunisaidia, na msaada wake wote uko mdomoni. Mara chai yangu nyepesi, mara watoto nimewakondesha, mara cherehani yangu inampigia kelele. Mimi ni fundi cherehani, nashonea barazani kwangu, sasa kelele nizipeleke wapi? Na mimi si bubu. Akitoa moja natoa mbili, mpaka majirani wanasema nyumba yetu haina haja ya redio. Lakini ugomvi ni ugomvi na ugonjwa ni ugonjwa. Mama aliniambia anataka kuzungumza na mwanawe kabla hawajamgusa koo, na hakuomba kitu kingine chochote, hata uji.

Jumatano tulifika saa tatu. Ofisi ile ina mabenchi mawili na feni isiyozunguka, na ukuta mzima umebandikwa mabango ya wanawake wanaocheka. Moja limeandikwa Hauko Peke Yako. Kweli sikuwa peke yangu, tulikuwa wanawake kumi na tisa na watoto wao, tumebanana. Karani akawa anatoka na orodha yake, anaita, watu wanaingia chumba cha simu na kutoka wakijifuta macho. Saa sita ikafika, benchi likabaki nusu, sisi hatujaitwa. Nikainuka nikaenda dirishani.

Karani yule ni mtu mzima, miwani yake ameitundika shingoni kwa kamba. Akaivaa, akatazama kompyuta yake, akaivua.

"Mumeo amerudi, mama," akasema. "Tangu tarehe kumi na mbili."

Nikamuuliza amerudi wapi. Akasema nyumbani. Nikamuuliza nyumbani kwa nani. Hapo benchi lote likanigeukia, hata watoto, na mwanamke mmoja nyuma yangu akasema pole kwa sauti ile ya mtu anayekimbilia kwenda kusimulia. Lisemwalo lipo, na kama halipo linakuja. Nilijua kabla jua halijazama mtaa mzima utakuwa unajua kwamba koplo amerudi wiki iliyopita na ameteremkia kwa mwanamke mwingine.

Nilimwambia karani kwamba tarehe sita nilizungumza na mume wangu humohumo, kwenye kile chumba, yuko kambini anakohoa vumbi. Akasema ndiyo, na tarehe kumi na mbili akarudi. Akanieleza utaratibu wao kama anayemfundisha mtoto kuvaa viatu. Kila askari anayekwenda huko hupewa begi lenye namba yake ya jeshi. Akirudi, begi linapokelewa stoo, linaandikwa kitabuni, na kesho yake asubuhi jina lake linaondolewa kwenye orodha ya walio kazini. Wameamua hivyo kwa sababu askari husahau kuja kuripoti, lakini begi hakuna anayethubutu kukaa nalo. Begi la mume wangu liko stoo. Begi limerudi, mtu amerudi, na orodha hiyohiyo ndiyo inayopelekwa kule kambini ili watu waitwe kwenye simu.

Nikamuuliza makosa ya namna hiyo yanarekebishwaje. Akasema kuna fomu, ila lazima askari aisaini mwenyewe, hapo dirishani.

"Aje kutoka wapi?"

"Kutoka alipo."

"Sasa akija, si atakuwa amerudi?"

Karani alilifikiria jambo hilo, nakuapia, alilifikiria kwa dhati. Kisha akasema ikiwa hivyo basi fomu haitahitajika. Akafungua saraka akanipa kijitabu, kwa moyo mweupe kabisa, kinaitwa Kumpokea Mume Aliyerudi: Hatua Saba. Hatua ya kwanza ilikuwa kumpa muda. Ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni. Nilikiacha kijitabu chake palepale dirishani, maana ningebaki nacho sekunde moja zaidi ningemrushia.

Na mama mkwe hakuniacha nipumue. Njia nzima ya kurudi, kwa sauti yake ile iliyokwaruza, alikuwa ananiuliza nimemfanya nini mwanawe hata arudi asije kwake. Nikamwambia hajarudi, ni begi. Akasema begi haliji lenyewe, halina miguu. Nikauma meno, kwa sababu hapo alikuwa na haki.

Alhamisi asubuhi nilikuwa na mawazo mengi hata nikachemsha chai nikasahau kutia majani. Nikampelekea maji matupu yenye sukari. Akayanywa yote, akarudisha kikombe, hakusema neno. Nilipomuuliza kama koo linamuuma, akatikisa kichwa tu, akaonyesha shingo yake kwa kidole. Alikuwa anaitunza sauti kwa ajili ya Jumamosi, kwa sababu anayekosa zamu Jumatano huweza kufidiwa Jumamosi ya wiki ileile. Miezi minane nimemwomba Mungu anyamazishe yule bibi angalau siku moja, na siku aliponyamaza niliogopa. Nikafunika cherehani nikaenda stoo.

Stoo anakaa sajini mwanamke, mnene, ana kalamu kaichomeka kwenye nywele. Nyuma yake kuna rafu mpaka darini, mabegi ya kijani yamepangwa kwa namba kama maiti. Nikamweleza yote nimesimama, kuanzia koo mpaka karani, na sikuficha hasira yangu. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akafungua kitabu. Begi limepokelewa tarehe kumi na mbili. Aliyelileta ni dereva aliyevunjika mguu, ameshushwa kwenye ndege kwa machela.

Hapo nikaelewa, nikataka kucheka na kulia pamoja. Dereva yule ni rafiki wa mume wangu. Gari lake lilikuwa limepinduka likaungua na kila kilichokuwamo, begi lake pia, hilo mume wangu alinisimulia tarehe sita. Na mume wangu namjua. Mtu yule ukimwacha atawaazima watu hata mswaki wake. Alimwona mwenzake anapelekwa nyumbani hana hata pa kutia soksi, akampa begi lake, na kwa huruma yake hiyo akajirudisha nyumbani bila kujua.

Sajini akasema hata yeye anajua begi si mtu, lakini kitabu chake hakina mahali pa kuandika maneno hayo. Na akifuta mstari kwenye kitabu cha jeshi, yeye ndiye atakayefutwa kazi. Nikamuuliza sasa begi linatokaje humu. Akanihesabia kwa vidole. Linatoka na askari anayekwenda kazini. Linatoka kwenda kuchomwa moto likiwa limekwisha kabisa. Au linatoka kwenda kushonwa.

Akalivuta begi la mume wangu kutoka kwenye rafu akaliweka juu ya meza. Mkanda mmoja umeng'oka, zipu imekufa, na pembeni pana mpasuko wa kupitisha mkono.

"Afande," nikamwambia, "mimi ni fundi cherehani."

Alinitazama mimi, akalitazama begi. Alikuwa mtu wa kazi, anapima. Kisha akachomoa kalamu kichwani.

"Kitabu kinauliza jina la fundi," akasema, "hakiulizi fundi ameolewa na nani."

Akaandika. Akanisainisha mara mbili. Akanieleza kwamba begi likitoka stoo, kesho yake mwenyewe anahesabiwa yuko kazini, na kwamba mambo ya nani yuko wapi si ya stoo, yeye anatoa mabegi tu. Nilipokuwa naliweka begani akaniita nyuma. Akaniambia nisije nikawa hodari wa kazi, maana siku nitakayolirudisha nitakuwa nimemrudisha mume wangu tena. Katika ofisi zote za jeshi nilizopita, huyo mwanamke wa mabegi ndiye pekee aliyenihudumia, na jina lake halipo kwenye bango lolote.

Jumamosi jina letu lilikuwa la nne. Karani alivaa miwani, akatazama orodha, akanitazama mimi.

"Naona ameondoka tena," akasema.

"Ameondoka."

"Hakukaa sana."

"Hata chai hakunywa," nikamjibu, na yule bwana akasikitika kweli.

Chumba cha simu kina meza, viti viwili, simu yenye spika na saa kubwa ya ukutani. Tulikuwa tumekubaliana: mama dakika saba, mimi tatu. Nilikuwa nimebeba leso mbili. Simu ikakwaruza, ikakwaruza, kisha sauti ya mume wangu ikasema, "Mama?"

Nikangoja maneno ya mama anayemuaga mwanawe. Mama mkwe akasogea kwenye simu, akakohoa, akauliza, "Begi lako liko wapi?"

Mume wangu akaanza kueleza habari za dereva. Hakumruhusu amalize. Akamwambia tangu akiwa darasa la tatu alikuwa anagawa viatu na kurudi nyumbani pekupeku, akamwambia mtu anayegawa begi la serikali kesho atagawa bunduki, akamuuliza nguo zake sasa anazitia wapi, kwenye mfuko wa sukari? Mume wangu anacheka, anasema nisamehe mama. Mama anamwambia usinicheke. Kutoka hapo akahamia kwangu, nimekaa palepale: chai yangu, watoto wangu, kelele ya cherehani yangu. Sauti yake ikawa inakatika, anameza mate kwa maumivu, anaanza tena. Dakika ya tano ikapita. Nikamwonyesha koo kwa kidole, nikamwonyesha kalenda, Jumatatu, mwambie. Akanigeuzia mgongo. Dakika ya nane nikanyoosha mkono kuchukua simu, akaupiga kofi. Karani akagonga mlango. Mama akamwambia mwanawe ajifunike vizuri anapolala, na laini ikakatika.

Hakusema neno moja la upasuaji. Mimi sikupata hata kumsalimia mume wangu.

Tulipofika nje uvumilivu uliniisha. Nilimwambia nimeaibishwa mbele ya mtaa mzima, nimeingia stoo ya jeshi, nimesaini kitabu cha serikali kwa ujanja, yote ili yeye aage, na yeye dakika kumi zote amezitupa kwenye begi. Nilisema mengi na sikupunguza sauti. Akakaa kwenye ukingo wa maua, mkono kooni, akanisubiri nimalize.

"Yule kule ameshika bunduki," akasema. Ilikuwa sasa ni kunong'ona tu. "Nikimlilia, atazubaa, atapigwa. Akisikia mama yake anafoka, anajua nyumbani salama. Nimempa ile sauti anayoijua."

Nikampa leso moja, nikamwambia pole. Nadhani ilikuwa mara ya kwanza tangu niolewe.

"Na zamu ijayo akiniuliza?" nikasema baadaye.

"Mwambie nimekasirika kwa ajili ya begi, sitaki kuzungumza naye. Ataamini."

Jumatatu wakampasua. Kovu lilipona vizuri, mama akaanza kula uji, kisha vyakula laini. Sauti haikurudi. Daktari alisema tusingoje.

Wiki mbili baada ya ile Jumamosi tuliingia tena chumba cha simu, wote wawili, yeye amejifunga kitambaa shingoni. Begi lilikuwa bado kwangu barazani, nimelishona zipu tu. Mume wangu akanisalimia, akauliza watoto, halafu kama nilivyojua akauliza mama yuko wapi.

"Yuko hapa," nikasema. "Amekununia. Hataki kuzungumza nawe."

"Bado begi tu?"

"Bado begi."

Mama alikuwa amekaza macho kwenye ile spika kama anayetaka kuingia ndani yake. Midomo yake ikafunguka, ikafunga. Kisha akainua kiganja akaipiga meza, mara tatu, kwa nguvu, mpaka simu ikaruka.

"Namsikia," mume wangu akasema, akaangua kicheko. "Mwambie nimesikia. Hasira zake zitaisha."

Mama akafumba macho akatikisa kichwa kukubali. Na mimi nikamsimulia mume wangu habari za shule za watoto, moja baada ya nyingine, mpaka karani alipogonga.