Njia ya Mavazi

Alhamisi mchana, siku ya mazoezi ya mwisho, mdogo mtu alilikunja joho la mfalme ndani ya shuka safi, akaliweka juu ya gauni la malkia, akavibeba vyote begani mpaka kwenye ukumbi wa maigizo. Ilikuwa kazi ya mwisho ya dada yake. Walikuwa wamemzika wiki iliyotangulia, na sindano yake bado ilikuwa imechomekwa kwenye pazia la chumba cha mbele, pale pale alipoiacha.

Dada mtu alishona mavazi ya ukumbi ule tangu mdogo wake akiwa shule. Alishona akiwa kwenye kiti chake cha magurudumu, kwa cherehani ya mkono, kwa kuwa ya miguu haikumfaa. Waigizaji walimfuata nyumbani kupimwa. Wafalme na mahakimu walipanga foleni uani kama watu wengine. Vazi likikamilika, alilivaa yeye kwanza na kushinda nalo kutwa, maana vazi lisilozoea kukaliwa hupasuka katikati ya mchezo. Majirani hawakushangaa tena kuingia na kumkuta jemadari anachambua mchele.

Lakini mchezo wenyewe hakuwahi kuuona hata mmoja. Ukumbi uko juu, na kuufikia ni ngazi tupu. Kila msimu alimwuliza meneja, na kila msimu meneja alimjibu kwa upole kwamba jambo lake liko mezani. Msimu mmoja watu wa ukumbi walijitolea kumbeba. Wanaume wawili walimfikisha katikati ya ngazi, wakachoka, wakamweka kwenye kipandio wapumzike, huku wenye tiketi wakimruka. Akaomba arudishwe nyumbani.

"Mimi ni fundi wao, si gunia lao," alimwambia mdogo wake njiani. Tangu hapo aliulizia njia, hakuulizia wabebaji.

Alhamisi ile malkia alivaa gauni katika chumba cha chini, akaja mpaka mwanzo wa ngazi, akakwama. Aliinua mguu, gauni likakataa. Mfalme alikuja nyuma yake kwa haraka, na joho likamkalisha chini kabla hajagusa kipandio. Meneja alitazama saa, kisha akamwuliza mdogo mtu kama nguo zimetiwa wanga kupita kiasi. Akajibiwa kwamba hazikutiwa wanga kabisa.

"Sasa shida nini?"

"Zimemzoea dada. Dada hakuwa mtu wa ngazi."

"Mbona miaka yote zilipanda?"

"Alikuwa anazituma zikamwonee mchezo. Zikirudi anazilaza mapajani, zinamsimulia. Sasa hayupo wa kusimuliwa."

Meneja alitikisa kichwa kama mtu aliyeambiwa bomba limeziba. Wakazitia nguo sandukuni, na watu wanne wakashindwa kuliinua sanduku. Wakazivuta kwa kamba kupitia dirishani, zikaanza kufumuka mishono. Jioni ile ile bodi ilikutana, na fedha ambazo kwa miaka yote hazikuwepo zikawepo.

Uzinduzi ulisogezwa mbele kwa wiki kadhaa. Mafundi walijenga njia ya zege ubavuni mwa ukumbi, yenye mwinuko wa taratibu, na kwenye kona mahali pa kupumzikia. Ilikuwa na bomba la kushikilia, kwa kimo cha mkono wa mtu aliyekaa, kwa sababu mikono ya mavazi haikukubali kimo kingine. Malkia alipanda kwa gauni lake bila taabu. Watu wakapiga makofi. Chini ya njia meneja akatundika kibao: NJIA YA MAVAZI TU.

Jumamosi alasiri, siku ya uzinduzi, mdogo mtu alikuja na fundi redio, rafiki wa marehemu, mwenye kiti kama cha marehemu. Wale wawili walikuwa wameahidiana kwamba ikijengwa njia wataingia pamoja, wakae mbele, wacheke kwa sauti. Mlinzi alikuwa amefunga mnyororo.

"Kaka, soma kibao."

"Nimekisoma. Kwa hiyo ningekuwa shati ningepita?"

"Shati la mchezo, ndiyo," alisema mlinzi, ambaye hakuwa na ubaya wowote.

Mdogo mtu alikuwa na joho mkononi, alilokuwa amekwenda kulikazia vifungo. Akamvika fundi redio. Mlinzi akalitazama joho, akafungua mnyororo, akasogea pembeni kwa heshima. Fundi redio akasukuma magurudumu kwa mikono yake mwenyewe, akapumzika kwenye kona kwa kuwa palikuwa pa kupumzikia, akafika juu. Kwa mlango uliokuwa wazi aliona viti vyekundu na taa za jukwaani.

Meneja alimshukuru sana kwa kulileta joho, akaanza kumvua. Joho halikutaka. Watu watatu walilivuta, likatoka, na kifungo kimoja kikabaki kiganjani mwa fundi redio.

"Asante, kaka. Kushuka ni njia hiyo hiyo."

"Na mchezo?"

"Jambo lenu liko mezani."

Mdogo mtu alikuwa amepewa kadi ya kiti cha mbele. Hakupanda. Alikaa chini ya ngazi karibu na fundi redio, na kupitia dirishani wakamsikia meneja akimsifu marehemu, akiwaomba wote wamkumbuke kwa dakika moja. Viti vikalia. Kisha kimya.

"Wanafanya nini?" aliuliza mdogo mtu.

"Wamesimama," alisema fundi redio, akikigeuza kifungo. "Hilo wanaliweza."

Mpaka leo joho lile limepungukiwa kifungo. Njia yake hufagiliwa kila asubuhi, na mvua ikinyesha mlinzi huitandikia turubai, mapindo yasilowe.