Sahihi Iliyo Chini ya Plasta

Usiku wa jana, kabla hata shuka halijapata joto, niliota nimeitwa kwenye baraza la kusuluhisha kesi za ujenzi, na nilipofika nikakuta benchi limejaa. Waliokaa ni zile siku kumi na nne za notisi niliyompa bosi wangu anilipe kabla sijamshtaki. Niliwatambua mara moja: Ijumaa wawili wamevaa kanzu, Jumapili wawili wamejipaka mafuta, Jumatatu wote wawili wamenuna.

"Tumeshapita wote, Fundi Kondo," Jumatatu wa pili aliniambia. "Hatuna la kukuzuia tena. Ingia ukadai."

Niliwashukuru, nikaingia. Sikuwa na wasiwasi hata kidogo. Mimi ni mwashi wa miaka ishirini na sita na haki yangu naijua.

Mambo yenyewe ni haya. Nilimjengea bosi wangu, Bwana Rwegoshora, nyumba pale Kihonda, Morogoro. Ramani haikuwa na ngazi ya nje. Siku moja akaja saiti, akaonyesha kwa kidevu, akasema, "Fundi, hapa nipandishie ngazi mpaka juu ya zege, tutaelewana." Neno hilo la tutaelewana limeshanitia hasara mara nyingi, kwa hiyo nikamwambia aandike. Karatasi hakuna. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwenye tofali za stoo: Ngazi ya nje nimeagiza mimi, italipwa mbali na mkataba. Akaweka sahihi yake yenye mkia mrefu. Baada ya wiki tatu nikapiga plasta stoo nzima. Kwa mkono wangu huu. Hakuna aliyenilazimisha.

Sasa Bwana Rwegoshora anasema hakuwahi kuagiza ngazi, eti nilijisikia tu kuijenga. Mwezi wa nne huu nafuatilia malipo ya ngazi hiyo, na wenzangu kijiweni wameanza kuniita mfadhili. Inaniuma.

Mwamuzi ni Pimamaji. Ndiyo, kile kifaa tunachokilaza juu ya tofali kujua kama zimekaa sawa, ila huyu amevaa miwani. Hasemi mpaka kipovu chake cha hewa kitulie katikati. Tunasubiri. Kinatulia.

"Mdaiwa yuko wapi?" anauliza.

"Niko huku," anajibu Bwana Rwegoshora. Natazama juu. Baraza halipo tena, tuko saiti Kihonda, na bosi amesimama juu ya paa la zege akiwa na kikombe cha chai. Amepanda kwa ngazi yangu.

"Uliagiza ngazi?"

"Sikuagiza. Kwenye ramani haimo."

"Kisichokuwemo kwenye ramani hakipo," anasema Pimamaji. "Hiyo ndiyo kanuni." Anagonga meza.

Ngazi inaondoka. Haibomoki, inakunja vidato vyake kumi na saba, inanipa mkono, inatoka kwa kupitia getini. Bosi anabaki juu. Anatazama chini upande huu, anatazama upande ule.

"Fundi, nishushe."

"Kwa wapi, bosi?"

"Kwa ngazi."

"Ngazi ipi?" anauliza Pimamaji, na kipovu chake hakitikisiki.

Bosi anafikiri. Anakunywa chai. "Basi nitakaa huku huku," anasema. Lazima niseme ukweli, ukaidi wake niliuheshimu kidogo.

Pimamaji ananigeukia. "Fundi, mtu kukwama juu ya paa si ushahidi. Lete maandishi."

"Maandishi yapo ukutani, mheshimiwa."

"Basi ukuta uje."

Ukuta wa stoo unakuja wenyewe kwa miguu, polepole, maana ni wa tofali za inchi sita. Mbele yake ametangulia Plasta, laini, hana hata ufa mmoja. Nilimtazama kwa fahari, kisha nikakumbuka alichokifunika.

"Sogea kidogo tusome," nikamwambia.

"Siwezi," akajibu Plasta. "Ulinichanganya saruji moja kwa mchanga nne, mchanga wenyewe ukauchekecha mara mbili, ukanimwagilia maji siku saba. Fundi wa kulipua kazi angekuwa ameshashinda kesi hii zamani."

Alisema kweli, na kweli hiyo ilinikera.

"Halafu nikianguka," akaendelea, "watasema Kondo naye kalipua. Jina lako Kihonda nzima litakuwa la plasta inayobanduka. Chagua."

Siku kumi na nne wamesimama dirishani wananitazama. Bosi anachungulia kutoka juu. Miaka yote ishirini na sita hakuna plasta yangu iliyowahi kuanguka, na hilo ndilo jambo ninalojisifia harusini na hata msibani. Nikafikiri kwa muda wa kuvuta pumzi moja.

"Anguka," nikasema. "Kiasi cha viganja viwili. Nitakuziba mwenyewe, tena bure, kwa sababu kasoro ya kazi yangu iko juu yangu. Lakini ngazi iko juu yake."

Kipovu kikatulia katikati kabisa. "Imeandikwa hivyo," akasema Pimamaji. Plasta akavua kofia ambayo sikuwa nimeiona, akajiachia, na kishindo chake kikaniamsha.

Ilikuwa saa moja asubuhi. Kwenye simu kulikuwa na ujumbe wa Bwana Rwegoshora, pamoja na picha.

"Fundi, plasta yako ya stoo imebanduka alfajiri hii. Jionee mwenyewe. Kazi gani hii? Na picha hii naitunza, usije ukakana."

Nikaikuza picha. Tundu la viganja viwili, na ndani yake, juu ya tofali, maneno "ngazi ya nje nimeagiza mimi" na ule mkia mrefu wa sahihi. Hasira zilikuwa zimemjaa mno hata hakuona alichokipiga picha. Nilifurahi, sifichi. Nilifurahi mpaka nikalazimika kukaa vizuri ndipo niandike.

"Pole sana, bosi," nikamjibu. "Leo hii nakuja kuziba. Ila naomba unipigie nyingine, kwa karibu zaidi, na tarehe ionekane."

Akatuma tatu.