Waliozikwa Bila Paja la Nguruwe

Jumamosi asubuhi Hilda Sugden alipanga vipande vya bekoni kwenye kikaango kingali baridi, kama alivyofundishwa na mama yake, kisha akawasha moto mdogo ili mafuta yatoke polepole. Ngozi ilipoanza kujikunja na harufu kushika njia ya dirishani, mumewe Clifford, aliyezikwa tangu majani yalipopukutika, aliingia kwa mlango wa nyuma, akafuta viatu mkekani na kuketi mahali pake. Hilda akamwambia arudishe mlango, baridi inaingia.

Clifford alikula, akapangusa sahani kwa kipande cha mkate, akaomba kingine. Alikuwa na haki yake. Miaka yake yote ya mwisho alinyimwa bekoni. Daktari Farrar ndiye aliyeamuru na Hilda ndiye aliyetekeleza: uji wa shayiri asubuhi, samaki wa kuchemsha jioni, na mzee wa watu akisimama uani kunusa jiko la jirani. Akafa vilevile. Daktari akasema ni moyo, umezidiwa na mafuta ya zamani. Maneno hayo yalimkaa Hilda kooni kama mwiba, maana hayo mafuta ya zamani nani aliyeyakaanga kama si yeye?

Kwamba Clifford alirudi, hilo halikuwa na fumbo. Pande zile za Yorkshire mtu wa heshima huzikwa kwa paja la nguruwe lililokaushwa kwa chumvi, ambalo waombolezaji hukatiwa vipande wakitoka makaburini. Watu wakisema fulani kazikwa kwa paja, basi sifa zake zimekamilika. Hilda, kwa kumheshimu daktari, aliwapa waombolezaji mikate ya mayai na majani. Binamu za Clifford walitazamana, wakala, wakaenda zao. Marehemu asiyezikwa kwa paja hashibi, na asiyeshiba hatulii, hata mtoto mdogo wa mji wao wa Hagthorpe analijua hilo.

Hakuwa peke yake. Mafundisho ya daktari yalikuwa yamefika nyumba zote, na wajane wengi waliyafuata. Jumamosi iliyofuata Clifford aliongozana na marehemu mwenzake Ernest Barraclough, aliyekuwa fundi mitambo kwenye kiwanda cha mabati ya asbesto kilicho juu ya kilima, walikofanya kazi wote wawili. Baada ya Barraclough wakaja wengine wa kiwandani, wakajaa mezani, wakajaa kwenye ngazi, mmoja akakalia ndoo ya makaa. Hilda akatoa kikaango kikubwa cha marehemu mama mkwe.

Walibishana, si kidogo. Kuna waliotaka bekoni ikauke mpaka ivunjike na waliotaka ibaki laini, wenye sosi ya nyanya na wenye sosi ya kahawia, na watu wazima waliacha kusemezana kwa sababu ya moshi, kama nyama ifukizwe au isifukizwe.

"Bekoni ya kukauka hivi ni adhabu, shemeji," alisema Barraclough. "Unatafuna bati."

"Sema meno umeyaacha kwenye glasi nyumbani kwako," alijibu Clifford. "Usimsingizie mke wangu."

Wakacheka na kukohoa. Hilda mwenyewe alikuwa ameanza kula tena, baada ya kujinyima miaka yote ile ili mumewe asione wivu, na mashavu yakamrudia. Mgeni njoo, mwenyeji apone. Alifurahi waziwazi, akaanza hata kuimba akiosha vyombo.

Lakini kila walipoondoka aliachiwa vumbi la kufagia. Halikuwa udongo wa makaburini. Lilikuwa jeupe, laini, lenye nyuzinyuzi, na lilianguka chini ya kila kiti kadiri mwenye kiti alivyokohoa. Mwanzoni alidhani ni unga wa mkate. Kisha akalikumbuka: ndilo alilokuwa akilikung'uta kutoka kwenye nguo za kazi za Clifford, kila jioni, mlangoni, akiwa amefumba macho.

Jumamosi moja akamsubiri mumewe abaki nyuma.

"Cliff, niambie kweli. Ni kikaango changu kilichokuua?"

Clifford alifikiri, sosi ikiwa kwenye masharubu.

"Mke wangu, moyo wangu ulikuwa mzima mpaka siku ya mwisho. Ulikuwa unaniuliza tu, hewa iko wapi? Nami sikuwa na la kuujibu."

Akakohoa, vumbi likaangukia sahani. Hilda akalia kwa ahueni, akalia sana, na alipomaliza akagundua kuwa ana hasira kubwa. Akalifagia vumbi lile, akalitia kwenye chupa ya jemu, akavaa kofia ya kanisani.

Daktari Farrar hakuwa mtu mbaya. Aliinua chupa kwenye mwanga akaitazama, akaiweka kando ya kalamu zake, akamuuliza Hilda amekula nini asubuhi. Hilda hakudanganya. Daktari akampima shinikizo la damu, akamweleza habari za lehemu, mafuta yagandayo kwenye mishipa, akampa karatasi yenye picha ya nguruwe aliyepigwa mstari. Zahanati ile ilijengwa na kiwanda na kuezekwa kwa mabati yake, na ilikuwa safi sana.

Kiwandani nako walimpokea kwa adabu. Bwana mmoja mwenye tai alisema vumbi lao hutiwa mifukoni na kufungwa, na kwamba wazee wale, Mungu awarehemu, walipenda mno bekoni. Akamshikia mlango. King'ora kikalia, wanaume wa zamu wakatoka, weupe kwa vumbi mpaka kwenye nyusi.

Miongoni mwao alikuwamo Selwyn Holdsworth, mpakiaji, ambaye hakuwahi kutia nyama kinywani tangu azaliwe. Mama yake alikuwa wa kanisa lisilogusa nyama, naye akashika njia hiyo hiyo ya kabichi na maharage, akipanda kilima kwa baiskeli. Daktari Farrar alipenda kumtolea mfano. Kuleni kama Selwyn, aliwaambia wagonjwa. Selwyn alipoanza kuhema akipanda kilima watu walidhani ni baiskeli. Majira ya kuchipua alikufa, na daktari, ambaye mkono wake ulishazoea, akasema ni moyo, umezidiwa na mafuta. Akazikwa kwa mikate ya maharage, kama alivyotaka mwenyewe.

Jumamosi ya baada ya mazishi alikuja na wenzake, akasimama mlangoni na kofia mkononi, mtu wa haya tangu zamani. Wakamsogezea kiti. Hilda akamwandalia mkate wa jemu na chai, lakini Selwyn hakuugusa. Alikuwa akitazama kikaango.

"Shemeji, hiyo ndiyo wanayosema iliniua?"

"Ndiyo hiyo."

"Basi nipe nionje. Siwezi kuhukumiwa kwa wizi wa kitu ambacho sijakishika."

Hilda akamchagulia kipande kizuri, chenye mafuta pembeni, kikavu mwishoni na laini katikati, ili isisemwe amependelea upande mmoja. Selwyn akatafuna, akameza, akauweka uma chini taratibu. Machozi yalimlengalenga.

"Jamani," alisema, "mbona hamkuniambia?"

Nyumba ikaangua kicheko. Barraclough akapiga meza, Clifford akakohoa mpaka akashika ukuta, na vumbi likapanda jikoni kama kwenye mashine ya kusaga, ikambidi Hilda afungue dirisha. Hapo king'ora cha kiwanda kikalia. Marehemu wote, kwa mazoea, wakatazama saa ya ukutani, kisha wakarudi kwenye sahani zao.

Hilda alisimama dirishani na kijiko mkononi. Zamu mpya ilikuwa ikipanda kilima, vijana wa mtaa wake, wamebeba vyakula vyao, wakitaniana. Aliwasalimu mmoja mmoja kwa majina. Waliitikia kwa furaha, na mmoja akauliza kwa sauti ni bekoni gani hiyo inayonukia hivyo. Hilda akamjibu kuwa atamwekea, na kiti pia. Jumatatu alikwenda kwa muuza nyama akamwambia amwongezee bekoni.