Kisu Kisichotundikwa

Mtoto akililia wembe, mpe. Hivyo walisema wazee, na wakatuachia sisi kazi ya kufunga vidonda. Lakini mzee akililia kisu, mnyime. Hilo hakuna aliyemfundisha Vieno. Alilijua mwenyewe asubuhi ile mzee Taisto alipotokea nyuma ya nyumba, kando ya ziwa, amevaa suti aliyomzikia mwanawe.

Vieno alikuwa kwenye meza ya nje akipasua sangara wadogo wa kukausha kwa moshi. Ilikuwa Juni, majira ambayo jua la Kauhava, huku kaskazini ya mbali, halijui kulala, na samaki wasipowahiwa huoza. Alimwona mzee akija, akaona pia macho yake yanakotazama. Hayakumtazama yeye. Yalitazama mkono wake wa kulia, ulioshika kisu.

"Hujambo, mwanangu."

Vieno nusura acheke. Mwanangu! Miaka yote aliyoishi na Eljas, mwana wa huyu mzee, chini ya paa moja, kwake alikuwa "yule msichana wa samaki". Hata Machi, barafu ya ziwa ilipopasuka chini ya Eljas akienda kutoa nyavu, akafa maji, siku ya maziko mzee alipita mbele ya Vieno kanisani kama anayepita mlingoti.

"Sijambo, mzee. Umepotea njia?"

"Sijapotea. Naweza kukaa?"

"Benchi alilichonga mwanao. Kaa."

Taisto akakaa, miguu pamoja, kofia magotini. Hakuna asiyemjua hapo Kauhava, na wanachokijua zaidi ni ukuta wake. Umejaa visu, vile visu vifupi vya bapa nene vinavyokaa alani kiunoni, na kila kimoja kina jina la fundi wake. Vingine vilifuliwa na mafundi ambao makaburi yao yameshaota kuvu. Hakuna hata kimoja kilichowahi kugusa mkate. Kila kiangazi, wakati wa soko la visu, mzee alichagua kimoja cha kuongeza, na mafundi wazima wenye wajukuu walikosa usingizi wakingoja kidole chake kielekee wapi.

"Mwaka huu sijachagua," alisema.

"Soko si limekwisha?"

"Limekwisha. Nilizunguka meza zote, nikarudi tena. Vyote vizuri, na vyote nikavirudisha mezani." Akaigeuza kofia magotini. "Mwalimu wake Eljas ndiye aliyeniambia. Kwamba kimoja alikipiga chapa. Ndicho hicho?"

Vieno alichukua sangara mwingine, akampasua tumbo kwa mpigo mmoja, akatupa matumbo ndooni. Shakwe wakagombana.

Alikuwa amesimuliwa habari ya chapa mara moja tu, na Eljas alisimulia akiwa amempa kisogo. Alikuwa kijana wa chuo cha ufundi alipomletea baba yake kisu chake cha kwanza, chenye chapa ya herufi zake mbili, akitaka nafasi ukutani. Wageni walikuwapo, watu wa visu, vikombe mkononi. Mzee, aliyezoea kuamua mashindano, akafanya kile wanachofanyia visu vya mabingwa: alikikita ncha kwenye pembe ya mbawala, akakisokota. Ncha ikakatika, ikaruka hadi kwenye sahani ya mkate wa iliki. "Rudi shuleni, kijana," mzee akasema. "Ukutani kwangu hapatundikwi vijiko." Wageni wakacheka hadi kahawa ikawatoka puani.

Tangu siku hiyo Eljas alifua visu visivyo na chapa. Alivichongea mipini, akavishonea ala, akawauzia wapita njia wa kiangazi. Na kwa watu wa Kauhava, kisu kisicho na chapa hakina baba. Mwenye ukuta hawezi hata kukiulizia.

Kisha jioni moja alimwomba Vieno alaze kiganja juu ya ubao. Akakizungushia penseli. Mpini ulitoka upana wa kiganja kile, wala si zaidi, umeundwa kwa maganda ya mti mweupe yaliyopangwa na kushindiliwa moja juu ya jingine. Bapa nalo likatoka urefu wa mpini. Chapa hupigwa chuma kikiwa bado laini, kabla hakijapita motoni na mafutani kikakomaa. Anayeipiga ameshaapa kabla hajajua kama chuma kitamwaibisha. Eljas aliipiga. Vieno alisikia nyundo ikigonga bandani mara moja tu.

"Ndicho," alisema sasa.

"Nimekuja tubadilishane." Maneno yalimtoka mzee mbio mbio. "Njoo nyumbani uchague chochote ukutani. Hata kile cha babu yangu. Watu wametoka Helsinki kukitaka, nikawafungia mlango."

"Cha babu yako nikifanyie nini?"

"Ukitunze tu. Kikae."

"Vyako vinakaa sana, mzee. Vimechoka kukaa."

"Usinitanie, binti."

"Aa, nimeshaacha kuwa mwanao? Haikuchukua muda."

Mzee akainamisha kichwa. Shingo yake ilikuwa imekonda, kola ya shati imeizunguka kama pete kwenye kidole cha mgonjwa. Vieno aliona, na akajichukia kwa kuona.

"Nishikishe basi," mzee alisema. "Kidogo tu."

Vieno alikifuta kisu kwa aproni na kumpa, mpini ukitangulia, kama adabu inavyotaka. Taisto akakipokea kwa mikono miwili. Kidole chake cha mwisho kilikosa mahali kwenye mpini; kipimo hakikuwa cha mkono wake. Akaliinua bapa usawa wa jicho, akalifuata hadi nchani, akapitisha ukucha kwenye makali. Alipofika kwenye chapa aliipapasa kwa kidole gumba.

"Umekila," alisema polepole. "Kilikuwa kipana hiki. Jiwe limekila."

"Nakinoa kila asubuhi. Samaki hawapasuliwi kwa sifa."

Hakumsikia. Alikuwa amekwisha kukikita ncha kwenye ubao wa meza na kuanza kukisokota.

"Mzee!"

Aliganda. Alikitazama kisu, akautazama mkono wake mwenyewe kama anayetazama mbwa wa jirani aliyemng'ata mtoto. Hakuutuma mkono ule. Ulijiendea wenyewe, kama ulivyojiendea miaka yote. Bapa lilikuwa limepinda kama upinde. Akalegeza, nalo likarudi, likanyooka, halina hata alama.

Taisto akakiinua tena usawa wa jicho.

"Kimerudi," Taisto alisema. Sauti ilikuwa ya mtu mwingine. "Kimenyooka, Vieno. Umeona? Ni kizuri. Ni kizuri kuliko..."

"Mwambie yeye."

"Siwezi."

"Najua huwezi."

Machozi yalimtiririka mzee wala hakuyafuta. Kwa muda Vieno alidhani yatatosha, kwamba watu wawili wanaweza kumlilia mtu mmoja kwenye benchi moja, na mambo yakaishia hapo. Kisha mzee akafungua kinywa tena.

"Nimekiwekea nafasi katikati. Nimemwondoa bingwa mmoja. Watu watakapokuja kiangazi kijacho nitawaambia hiki ni cha mwanangu. Watakiona."

"Watu," Vieno alisema.

"Ni heshima, binti! Huelewi?"

"Naelewa. Alikuwa hai, akakuletea kisu na moyo wake, ukamfanya kichekesho cha watu. Sasa amekufa unataka uwaonyeshe watu wale wale. Lete kisu."

Hakukiachia. Alikibana kifuani, juu ya tai, makali yakiwa wazi. Vieno akazunguka meza, akaweka mkono wake unaonuka samaki juu ya ule mkono mkubwa, akavifungua vidole kimoja baada ya kingine, taratibu, kama anayemvua mtoto glavu za baridi. Vilikuwa vya baridi kweli. Havikushindana naye sana, na hilo ndilo lililomuuma.

"Ukitaka kukiona, njoo asubuhi," alisema. "Nitakupa aproni. Utakikuta kazini."

"Kitakwisha," mzee akanong'ona. "Ukikinoa hivyo kitakwisha, pasibaki kitu."

"Kitakwishia mkononi mwangu."

Hakumwambia kwamba analijua hilo. Kwamba kila asubuhi jiwe linapolia chini ya bapa husikia Eljas akipungua, na bado hunoa. Alirudi kwa samaki wake. Alipoinua kichwa, suti nyeusi ilikuwa imeshafika barabarani, magamba yaking'aa kwenye mkono wa koti.

Jioni simu ikalia. Alikuwa Hilkka, mke wa Taisto, mama yake Eljas.

"Umemfanya nini baba yako? Ameingia hadi sebuleni na viatu, Vieno. Na viatu! Yuko mbele ya ukuta wake, hali, haongei."

"Alikuja kuomba kisu. Nimemnyima."

"Kipande cha chuma tu, jamani."

"Basi kama ni kipande cha chuma asikililie."

Hilkka akavuta pumzi. "Ni mzee. Amefiwa."

"Na mimi nimefiwa na nani, mama? Na paka?"

"Sikusema hivyo."

"Ile siku ya pembe ya mbawala, ulikuwapo?"

Saa ya ukutani ya Hilkka ilisikika ndani ya simu.

"Nilikuwa namimina kahawa," mama alisema hatimaye.

"Wakacheka, nawe ukaendelea kumimina."

"Nilimimina, ndiyo. Ningefanya nini?" Sasa alikuwa analia, kilio kidogo cha mtu aliyezoea kulia jikoni. "Mwanangu, sisi wazee wawili tumebaki na nini? Mpigie. Sikuombi kisu. Sema samahani tu, alale. Neno moja. Kwa ajili yangu."

Vieno alikaa chini sakafuni, mgongo ukutani, simu ikimchoma sikio. Alimpenda mama huyu. Alimpenda hata kwa ile kahawa.

"Kwa ajili yako kesho nitaleta samaki," alisema. "Nitapasua kuni, nitaosha madirisha, na akitaka nimshike mkono nimpeleke makaburini, nitampeleka. Lakini radhi simwombi, mama. Simwombi leo, simwombi kesho, na hata mkinizika naye shimo moja, sitamwomba."