Chaji na Kamba ya Mgomba

Ngurumo ya kwanza ilipopiga kule ziwani, Ephrasia, mtumishi wa ndani, aliacha mwiko ndani ya sufuria akakimbilia sebuleni kuchomoa. Ndiyo iliyokuwa sheria ya nyumba ile ya Rwamishenye, kama ilivyo sheria ya nyumba nyingi za Bukoba: ikinguruma tu, chomoa. Friji, runinga, king'amuzi, pasi. Mwaka jana alichelewa, runinga ikaungua, na mpaka leo mama mwenye nyumba, Mwalimu Agnetha, hakuna mgeni ambaye hajamsimulia.

Lakini Ijumaa ile mchana kompyuta ya Agnetha ilikuwa mezani, kioo kimejaa Kiingereza, na chini yake namba: asilimia thelathini na nane. Ephrasia aliishia darasa la saba. Kiingereza kilimpita pembeni, ila namba alizijua. Na kabla ya kurudi shuleni Agnetha alikuwa amesema kwa sauti ya kusikiwa na majirani kwamba mashine inajiapdeti, na ole wake atakayeigusa haijamaliza. Betri yake ilikufa zamani. Iliishi kwa waya tu, kama mgonjwa wa dripu. Basi Ephrasia akachomoa vyote, huo mmoja akauacha. Namba ikasogea, arobaini na moja. Akatoka mbio kuanua nguo.

Aliporudi na lundo la nguo mikononi, kioo kilikuwa cheusi na waya haupo. Bibi Kokushubila, mama yake Kyaruzi, mume wa Agnetha, aliyekuja kutoka Muleba wiki iliyotangulia, alikuwa kwenye kochi akisali rozari. Kioo cha ukutani alikwisha kukifunika kwa kanga, kama alivyofanya kila radi zilipoanza.

"Bibi, kompyuta imezimika?"

"Mimi ndiye wa kuulizwa kompyuta?" Bibi hakuinua macho.

Jioni Agnetha alibonyeza, akabonyeza tena, akaazima chaji ya jirani akabonyeza hadi kidole kikawa chekundu. Kisha akageuka.

"Umeniulia mashine."

"Sikuigusa, mama. Niliiacha kwenye arobaini na moja."

"Arobaini na moja! Umeanza lini kusoma kompyuta, wewe? Nani anachomoa ndani ya nyumba hii ikinguruma? Sema. Ni mimi? Ni baba? Ni paka?"

"Ni mimi, mama. Lakini hiyo..."

"Basi. Matokeo ya wanafunzi mia mbili yamo humo. Kesho saa sita Sista Immakulata ananipigia kuniuliza habari zako. Nitamwambia ukweli. Wageni wake nao wana kompyuta, uende ukawamalizie? Na basi la mchana la kwenu Muleba unalijua linaposimama."

Kazi ya nyumba ya wageni ya masista Ephrasia aliitafuta kwa miezi minne: kitanda chake mwenyewe, siku ya kupumzika, na watu wasiomwita "wewe". Ilibaki simu moja tu ya kuulizia tabia yake.

"Nilisema tangu siku ya kwanza," Bibi aliongeza kutoka kwenye kochi. "Huyu macho yake hayatulii. Anatazamatazama. Mtu mwema anatazama nini muda wote?"

Kyaruzi alikuwa na simu yake. "Fundi anakuja kesho," alisema bila kumwangalia mtu. "Punguzeni kelele."

Ukweli haukumpiga chenga Ephrasia. Alijua nani alibaki sebuleni. Lakini hakuona kwa macho yake, na mtumishi akimnyooshea kidole mama wa mwenye nyumba, ndani ya nyumba ya mwanawe, hata kungoja basi haruhusiwi. Akaenda kuosha vyombo.

Jumamosi saa tano fundi Ismail alikuja na mkoba wake kutoka dukani kwake karibu na soko. Alilegeza skrubu, akamulika ndani, akapima hapa na pale.

"Hii ilikatiwa umeme katikati ya apdeti, Mwalimu. Ile programu ya ndani inayoiamsha imeandikwa nusu, nusu imebaki hewani. Sasa haijui hata kuamka."

"Umesikia?" Agnetha alimwambia Ephrasia aliyesimama mlangoni. "Hata fundi anakujua. Na matokeo yangu?"

"Yako kwenye diski, hayajaguswa. Naipeleka dukani niiandike upya ile programu. Nipe na chaji yake."

Chaji. Agnetha alipekua chini ya meza, nyuma ya runinga, ndani ya kabati. Mwisho akavuta droo ya vitambaa, akaibuka nayo juu kama aliyeshika nyoka mkiani.

"Tazameni! Kachomoa, halafu kaficha kabisa!"

Waya ulikuwa umeviringwa vizuri na kufungwa kwa kamba ya mgomba, imekazwa kwa fundo dogo, gumu, lililolala ubavu.

Ephrasia alilitazama fundo lile. Wiki nzima alikuwa akiliona. Vifurushi vya kahawa ya kutafuna ambavyo Bibi alikuja navyo vilifungwa hivyo. Mafungu ya senene wa kukaanga, hivyo hivyo. Jumanne yeye mwenyewe alihangaika na kifurushi kimoja hadi kucha ikakatika, Bibi akamnyang'anya huku akicheka: "Na wewe unajiita wa Muleba!" Agnetha naye kila kifurushi alimpelekea Bibi amfungulie.

Agnetha alijaribu kwa kucha. Akajaribu kwa meno. "Lete kisu!"

Ephrasia alikwenda jikoni, akarudi na kisu, lakini hakumpa.

"Mama, kisu kitakata waya," alisema taratibu. "Mpe bibi akufungulie."

Agnetha, kwa mazoea ya wiki nzima na kwa hasira zilizomjaa, akanyoosha mkono kochini. "Hebu mama."

Mikono ya kizee ilipokea kabla kichwa hakijaikataza. Ikavuta mkia, ikasukuma kwa gumba, kamba ikaanguka sakafuni.

"Wanawake wa mjini ninyi..." Bibi alianza. Macho yake yakaangukia kamba.

Fundi Ismail alijishughulisha na skrubu zake. Kyaruzi aliweka simu chini, kwa mara ya kwanza tangu asubuhi.

"Mawe," alimwita mama yake kwa Kihaya, polepole. "Ni wewe?"

"Radi ilikuwa inapiga!" Bibi alifoka. "Huyu kachomoa vyote, hicho kidude kakiacha kinawaka mbele yangu! Mlitaka nichomwe?"

"Na jana mbona ulinyamaza?"

"Mtu mzima nijibizane na mtumishi?"

Simu ya Agnetha ikaita mezani. Jina la Sista likawaka. Agnetha aliitazama, wala hakuigusa.

Ephrasia aliweka kisu, akaichukua simu, akampa kwa mikono miwili kama alivyofundishwa. Kisha akafanya jambo ambalo kwa miaka miwili hakuwahi kulifanya: akaketi kwenye kochi, mkabala na Agnetha, akatulia akimtazama mdomo.

"Ndiyo, Sista... Yupo... Kazi anaijua." Agnetha alisikiliza. Macho yake yalikwenda kwenye waya uliolegea. "Uaminifu?" Akamtazama Ephrasia. "Hagusi kitu alichokatazwa, Sista. Haya. Ataanza Jumatatu."

Alikata simu akaibwaga mezani.

"Usidhani nimekupenda."

"Sijadhani, mama."

"Na nani kakuambia ukae hapo?"

"Hakuna, mama."

Hakuinuka. Aliinama akaokota kamba ya mgomba, akaanza kuifunga na kuifungua mapajani mwake. Safari hii alikuwa ameona gumba linapopita.