Kijivu juu ya Kijivu

Bosi alikuwa akimenya yai la kuchemsha juu ya meza ya msanifu wa matangazo, maganda yakidondokea kwenye kibodi.

"Sikia, dada. Sheria imesema tuandike nani amelipia tangazo la siasa," alisema, mdomo umejaa. "Haikusema yasomeke."

Akashika kipanya kwa vidole vyenye kiini cha yai, akachagua rangi mwenyewe: maandishi ya kijivu juu ya kijivu. Kwenye skrini kubwa ya ofisi, ukikodoa macho, uliyaona. Kwenye simu, patupu.

"Mkaguzi akija, mwonyeshe skrini hii hii."

Msanifu aliitikia kwa kichwa. Alikuwa mtu ambaye hata akikanyagwa, yeye ndiye anayeomba radhi. Akafuta kipanya, akafuta tena. Harufu ikabaki.

Nyumbani nako hakukukalika. Mama yake, fundi cherehani, alikuwa amekata mguu kwa jirani yao, Mama Pacha, aliyemlea binti huyo tangu anatambaa. Chanzo kilikuwa tangazo lile lile, kwenye simu: mwanamke analia kwamba mgombea wa kina Mama Pacha atavunja soko.

"Mama, hilo ni tangazo. Kuna mtu kalilipia."

"Nani? Nionyeshe! Mbona hapa hapana kitu? Mwenzio analia machozi ya kweli, wewe unamtetea yule mnafiki!"

Mama Pacha alipoleta gauni lipunguzwe kiuno, mama alilirusha nje kupitia dirishani. Binti alimwona jirani akiinama kulikung'uta vumbi. Asubuhi akaiazima simu ya mama.

Mkaguzi alikuwa mzee wa miwani, mkoba kwapani. Bosi akamkalisha mbele ya skrini kubwa, akamfungulia soda.

"Pale chini, mheshimiwa."

"Ee, nayaona." Akatoa kalamu kutia sahihi.

Sauti ya msanifu ilitoka kama ya mwenye mafua. "Samahani, mzee. Watu hawana skrini hiyo. Wana hii."

Akampa simu ya mama, uzi mwekundu umenasa kwenye ufa wa kioo. Mkaguzi akaipandisha, akaishusha, kisha akamkabidhi bosi.

"Nisomee."

Bosi aliisogeza puani, akaipeleka mbali. "Yapo, mheshimiwa."

"Sijauliza kama yapo. Soma."

Bosi aliikodolea macho simu. Jasho lilimtiririka shingoni, likachanganyika na ile harufu ya yai.

"Yawe meusi," mkaguzi alisema. "Sasa hivi, nikiona."

Msanifu akaketi, akayafanya meusi.

Jioni mama alivaa miwani, akasoma kwa sauti chini ya yule mwanamke anayelia: "Limelipiwa na Umoja wa Wajenzi wa Maduka Makubwa." Akavua miwani. "Hawa si ndio wanaolitaka soko letu?"

"Ndio hao."

"Na huyu anayelia?"

"Mwigizaji, mama."

Mama alitema mate dirishani. "Nimemtupia mwenzangu gauni lake mavumbini kwa machozi ya kukodiwa!"

Akatwaa futi yake ya kupimia, akavaa ndala aende kwa Mama Pacha. Mlangoni akageuka.

"Na wewe unawafanyia kazi watu hawa?"

Binti alinusa vidole vyake. Bado vilinuka yai.