Flashi ya Saa Kumi na Moja

Saa kumi na moja na dakika kumi alfajiri, simu ya Eunice ilikuwa bado haijalia.

Alikuwa amekaa kitandani, simu kiganjani, akiikodolea macho. Kwa miaka sita, kila alfajiri saa kumi na moja kamili, mama yake aliyeishi peke yake kule Zombe alimpigia, ikalia mara moja, akakata. Flashi hiyo ilikuwa na maana moja tu: nimeamka, napiga magoti, nawe piga yako. Eunice naye, huku Kathonzweni, alipomaliza kuomba alirudisha flashi yake. Hiyo ndiyo ilikuwa amina.

Hivyo ndivyo walivyopatana. Lakini tangu Machi Eunice alikuwa haombi. Kaka yake Nzuki aliugua figo, wakamwombea miezi kumi na mmoja bila kuruka siku, akafa Jumanne mchana kana kwamba hakuna aliyewahi kusema neno. Baada ya mazishi, flashi ya mama ilipoingia, Eunice aliirudisha papo hapo na kujifunika blanketi. Aliona afadhali amdanganye mama kuliko kumwambia kwamba kule juu haoni mtu.

Sasa akapiga. Mteja hapatikani. Akapiga tena.

"Chaji imeisha," alisema mumewe Mulwa bila kufungua macho. "Lala."

"Mama ana presha, Mulwa."

"Na chaji je, haiwezi kuisha kwa mtu wa presha?"

Eunice aliinuka. Alienda jikoni, akabandika uji wa watoto, akampigia Nzioka, jirani wa mama.

"Ni Eunice."

"Eunice gani saa hii?"

"Wa Mama Nzuki. Nenda unitazamie mama, simu yake haipatikani."

"Sijavaa hata suruali."

"Basi vaa. Nakungoja."

Akakoroga uji. Alijiambia ni chaji. Kisha akakumbuka Jumapili mama alivyosema kichwa kinamgonga, naye akamjibu anywe maji. Maji! Mtu amesoma mpaka diploma, anamwambia mwenye presha anywe maji. Akamwona mama chini sakafuni, mdomo umepinda upande mmoja, akiitazama simu asiweze kuinyooshea mkono. Akakoroga kwa nguvu zaidi.

Nzioka alipopiga alikuwa anahema. "Mlango umerudishiwa tu. Kitanda kimetandikwa. Hayupo."

"Umetazama chooni?"

"Nimetazama. Eunice, mtungi wa maji pia haupo. Nafikiri alienda mtoni."

"Gizani?"

"Kwani humjui mama yako? Acha niende."

Mto wa kwao ulikuwa mchanga mtupu wakati huu wa kiangazi. Watu walichimba visima ndani ya mchanga huo, vingine virefu kuliko mtu, na kingo ziliporomoka bila kuonya. Kutoka nyumbani hadi huko ni dakika ishirini kwa mguu wa Nzioka. Eunice alitazama saa ya ukutani. Hakuna basi ambalo lingemfikisha Zombe kabla ya mchana. Hakuna mwingine wa kumpigia. Mikono yake, ambayo haikukosa kazi hata siku moja, haikujua pa kushika.

Akapiga magoti pale pale kwenye saruji, mwiko mkononi.

"Mungu, ni Eunice," alisema. "Kwa ajili ya Nzuki nilikuomba, ukanyamaza. Sijasahau, na sikuja kukubembeleza. Huyu usinichukulie."

Akangoja neno lingine lije. Halikuja. Akabaki hapo, paji la uso limeegemea mguu wa meza. Nyuma yake uji uliinuka, ukafurika, ukamwagikia moto. Eunice, ambaye hajawahi kuacha uji umwagike tangu aolewe, aliusikia ukiungua na hakuinuka.

Simu ikalia. Ilikuwa namba asiyoijua.

"Mama Nzuki anataka kuongea nawe," ilisema sauti ya mwanamume. "Mimi ni Farouk, wa duka."

"Yuko hai?"

"Anagombana nami. Shika."

"Eunice!" Ilikuwa sauti ya mama, kali kama kawaida. "Huyu Farouk jana nilimpa simu aichaji, akafunga duka akaenda harusi Mwingi, akarudi usiku! Nikajua utaingiwa na wasiwasi. Nikasema nimvizie akitoka kuswali alfajiri, halafu nipitie maji."

Eunice alikaa chini. "Mwaitu," alimwita mama yake kwa Kikamba. "Nzioka yuko mtoni anakutafuta kwenye visima."

"Atajua kurudi. Wewe umeomba?"

"Nimeomba."

"Leo najua umeomba." Mama alishusha sauti, Farouk asisikie. "Zamani flashi yako ilichukua nusu saa kurudi. Tangu tumzike Nzuki inarudi hata sijakunja goti. Ulifikiri mimi sijui kusoma saa?"

Eunice aliuokota mwiko sakafuni.

"Mimi nilimkasirikia Mungu mpaka hata kahawa ikanishinda kunywa," mama aliendelea. "Lakini nilimwambia. Kila asubuhi nilimwambia, tena kwa sauti. Wewe umemnunia tu."

"Na kama leo ungekuwa kisimani, mwaitu?"

"Ningekuwa kisimani. Sikuahidiwa kinginecho. Haya, chaji ya simu ya Farouk inaisha."

Kesho yake, saa kumi na moja kamili, flashi iliingia. Kidole cha Eunice kilienda chenyewe kuirudisha. Akakizuia, akaiweka simu chini ya mto, akapiga magoti. Alianza na ile Jumanne mchana. Alisema mambo ambayo hangeyasema mbele ya pasta. Alirudia mengine. Hakusikia jibu lolote, ila Mulwa akigeuka kitandani, na bado woga ulikuwa umemkaa kifuani.

Alikuwa hajafika amina simu ilipolia. Safari hii haikukatika.

"Eunice! Uko mzima?" Mama alikuwa anahema. "Dakika arobaini! Karibu niende kumwamsha Nzioka."

"Niko mzima. Nilikuwa nagombana naye."

"Haya," alisema mama. "Mmefika wapi?"

"Bado sana."

"Basi rudi umalizie. Nangoja flashi yangu."